Nyaya mbili za kulinda ghala: Namna maikrokontrola zinavyounganishwa na tarakilishi

MSIMU wa mavuno unapofika kilele kati ya Oktoba na Desemba, barabara zinazoingia mjini Kitale kutoka Saboti, Machewa na Matisi hugeuka rangi. Turubai hutandazwa kando ya njia, mahindi huanikwa, na macho ya mkulima hayabanduki kwenye wingu linalojikusanya juu ya Mlima Elgon. Kila mmoja anajua kwamba mvua ya jioni moja yaweza kuharibu jasho la msimu mzima.

Kisichojulikana na wengi ni kwamba hatari haimaliziki mahindi yanapoingia ghalani. Punje zilizohifadhiwa huendelea kupumua. Zikiwa na unyevu kupita kiasi, kuvu na wadudu huanza kazi yao katikati ya rundo, mahali ambapo jicho halioni wala mkono haufiki. Joto hupanda papo hapo, lakini kwa kuwa nafaka ni kipitishi duni cha joto, gunia lililo mita mbili kutoka hapo huenda likabaki baridi kana kwamba hapana jambo. Mwenye ghala hugundua siku ya kupakua, nayo hasara imekwisha kutokea.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kulipeleleza rundo hilo bila kulifungua. Nayo ni kuweka ndani yake vihisi vinavyosomwa na chipu ndogo ziitwazo maikrokontrola, kisha kuziunganisha chipu hizo na tarakilishi moja kupitia njia ya pamoja ya data. Teknolojia yenyewe si ngeni, na vifaa vyake si ghali. Kinachowashinda wengi ni makosa machache ambayo, yakifahamika mapema, huepukika.

Ghala linahitaji macho

Kiwango cha juu cha unyevu kinachoruhusiwa katika mahindi ya kuhifadhiwa nchini Kenya ni asilimia 13.5. Mahindi yakiwa katika kiwango hicho, hewa iliyonaswa kati ya punje huwa na unyevunyevu wa kadiri ya asilimia 65 hadi 70. Hewa hiyo ikizidi asilimia 70, kuvu hupata nafasi ya kuota. Ndiyo maana kihisi cha joto na unyevunyevu, kikiwekwa kati ya punje, huweza kueleza mengi kuhusu hali ya nafaka yenyewe.

Miongoni mwa kuvu hizo ni Aspergillus flavus, ambayo huzalisha sumu ya aflatoksini. Wakenya wanaikumbuka sumu hiyo kwa uchungu. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafariki katika maeneo ya mashariki mwa nchi baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Machi 2021, Kenya ilisimamisha kwa siku kadhaa uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya hofu hiyo hiyo. Sheria za ubora hapa nchini haziruhusu mahindi yenye zaidi ya sehemu 10 za aflatoksini katika kila sehemu bilioni moja.

Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya 2019, ubora wa hifadhi umekuwa pia suala la fedha. Chini ya mfumo huo, mkulima huweka nafaka katika ghala lililoidhinishwa na kupewa stakabadhi, ambayo anaweza kuitumia kuombea mkopo huku akisubiri bei nzuri. Stakabadhi hiyo ina thamani mradi tu nafaka iliyo nyuma yake ni salama. Kumbukumbu za joto na unyevunyevu za kila siku ni ushahidi ambao mwenye ghala, mkulima na benki wote wanaweza kuutazama.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba vihisi hivi havipimi aflatoksini. Sumu hupimwa kwa vifaa maalumu na katika maabara. Kazi ya kihisi ni kutoa onyo kwamba mazingira yanayoilea kuvu yameanza kujitokeza, wakati bado kuna fursa ya kuchukua hatua.

Maikrokontrola ni nini?

Maikrokontrola ni tarakilishi ndogo iliyoshindiliwa ndani ya chipu moja. Ina sehemu ya kukokotoa, kumbukumbu ya kuhifadhi programu, kumbukumbu ya muda, pamoja na vijiguu vya chuma vya kupokea na kutoa ishara. Kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilianza kuuza chipu ya aina hiyo mwaka 1974, na mwaka 1980 Intel ikatoa modeli ya 8051 ambayo ilienea ulimwenguni kote. Leo hii chipu hizi zimo ndani ya mashine za kufulia nguo, rimoti za televisheni na hata mita ya umeme ya tokeni iliyo ukutani nyumbani kwako.

Mwaka 2005, walimu na wanafunzi katika mji wa Ivrea nchini Italia walianzisha mradi wa Arduino, ubao wa bei nafuu uliowawezesha watu wasio wahandisi kuandikia maikrokontrola programu. Ubao wa Arduino Uno, uliotolewa mwaka 2010, hutumia chipu ya ATmega328P. Chipu hiyo ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 pekee za kumbukumbu ya muda.

Kiasi hicho kinatosha kabisa kusoma kihisi. Hakitoshi kuhifadhi vipimo vya miezi sita, kuchora grafu au kutuma ripoti. Tarakilishi nayo huyaweza hayo yote, ila haiwezekani kuweka tarakilishi katika kila pembe ya ghala lenye vumbi. Kwa hivyo kazi hugawanywa. Maikrokontrola hukaa karibu na mahindi na kupima, ilhali tarakilishi hukaa ofisini, ikauliza, ikakusanya na kutunza. Kinachobaki ni kuziunganisha.

Safari ya biti

Data zote za kielektroniki ni mfuatano wa sifuri na moja, kila moja ikiitwa biti. Biti nane huunda baiti. Kuna namna mbili za kusafirisha baiti kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Ya kwanza ni kutumia nyaya nane, kila biti ikipita katika waya wake kwa wakati mmoja. Ndiyo iliyotumika katika zile kebo pana za printa za zamani. Ya pili ni kutumia waya mmoja na kuzipitisha biti moja baada ya nyingine, zikiandamana kama siafu. Namna hii ya pili ndiyo mawasiliano ya mfuatano, na ndiyo inayofaa kwa masafa marefu kwa kuwa nyaya ni chache.

Maikrokontrola nyingi zina kijiguu cha kutuma kilichoandikwa TX na cha kupokea kilichoandikwa RX. TX ya kifaa kimoja huunganishwa na RX ya kingine, na kinyume chake, kama vile mdomo wa msemaji unavyoelekezwa kwenye sikio la msikilizaji. Waya wa tatu, GND, huunganisha pande zote mbili ili ziwe na kipimo kimoja cha volti.

Tuchukue mfano wa herufi A, ambayo katika lugha ya tarakilishi ni nambari 65, yaani 01000001. Waya ukiwa kimya huwa katika hali ya moja. Mtumaji huanza kwa kuushusha hadi sifuri, ishara kwamba ujumbe unakuja. Kisha hutuma biti nane akianzia ile ya mwisho kulia: 1, 0, 0, 0, 0, 0, 1, 0. Hatimaye huurejesha waya kwenye moja kufunga ujumbe. Baiti moja hivyo huhitaji biti 10.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Hakuna waya wa kubeba mapigo ya saa. Mtumaji na mpokeaji wanategemea makubaliano ya awali kuhusu kasi. Kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, ambayo hutumika sana, ina maana kwamba kila biti hudumu takriban sehemu 104 kati ya milioni moja za sekunde, na kwamba herufi 960 zinaweza kupita katika sekunde moja. Iwapo upande mmoja umewekwa 9,600 na mwingine 19,200, tarakilishi itaonyesha alama zisizosomeka. Fundi asiyejua hilo huweza kubadilisha vifaa vizima visivyo na kasoro yoyote.

Kuingia katika tarakilishi

Kwa miongo kadhaa, tarakilishi ziliunganishwa na vifaa vya nje kupitia kiwango cha RS-232, kilichochapishwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960. Tarakilishi kuukuu za mezani bado zina kiunganishi chake chenye pini tisa upande wa nyuma. RS-232 hutumia volti za chanya na hasi, kati ya 3 na 15. Maikrokontrola nazo hutumia sifuri na volti 5, au sifuri na volti 3.3. Anayeunganisha pini hizo moja kwa moja na maikrokontrola huenda akaichoma chipu papo hapo. Pana haja ya chipu ya kutafsiri volti katikati, kama vile MAX232.

Katika tarakilishi za kisasa, nafasi hiyo imechukuliwa na USB, ambayo ilianza mwaka 1996. Adapta ndogo yenye chipu kama FT232 au CH340 huchomekwa kwenye tundu la USB, na upande wa pili hutoa TX, RX na GND. Mbao nyingi za Arduino huja na chipu ya namna hiyo tayari. Kabla ya kuchomeka, hakikisha adapta na maikrokontrola zinatumia volti sawa.

Adapta ikishatambuliwa, tarakilishi yenye Windows huipa jina kama COM3, na yenye Linux huiita /dev/ttyUSB0. Programu yoyote ya mawasiliano ya mfuatano huweza kulifungua jina hilo, kutaja kasi, na kuanza kusoma. Mwanafunzi wa taasisi ya kiufundi aliye na ubao mmoja, kebo moja na kihisi kimoja anaweza kuyaona joto na saa yakijiandika kwenye skrini katika alasiri moja. Hapa ndipo mahali pa kuanzia.

Ghala si meza ya maabara

Ugumu hutokea pale mtu anapojaribu kuuhamishia mpango huo ghalani. Kebo ya USB ya kawaida haipaswi kuzidi mita 5. RS-232 ilikusudiwa masafa ya takriban mita 15. I2C, njia iliyobuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1982, huunganisha vihisi vingi kwa nyaya mbili, lakini imekusudiwa chipu zilizomo ndani ya kasha moja. Ikivutwa mita 40 kando ya mota ya mashine ya kupukuchua, vipimo huvurugika.

Suluhu iliyozoeleka viwandani ni kiwango cha RS-485, kilichotolewa mwaka 1983. Hutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, A na B. Badala ya kupima volti ya waya mmoja dhidi ya ardhi, mpokeaji hupima tofauti iliyopo baina ya nyaya hizo mbili. Kelele za umeme kutoka kwa mota au taa huzipiga nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja, hivyo tofauti hubaki vile vile na ujumbe hufika ukiwa mzima. Tofauti ya sehemu 200 kati ya 1,000 za volti yatosha kusomeka.

Kwa mpango huo, kebo yaweza kufika mita 1,200 katika kasi za chini, na vifaa 32 vya kawaida vinaweza kuning'inia katika jozi hiyo moja ya nyaya. Kila maikrokontrola huwekewa chipu ndogo ya RS-485, mathalani MAX485. Upande wa tarakilishi, adapta ya USB ya RS-485 hutumika. Jozi hiyo ndiyo njia ya pamoja, ambayo mafundi huiita basi kwa kuwa, kama gari la abiria, huwabeba wa vituo vyote bila kubagua.

Baraza lenye mwenyekiti

Vifaa vingi vikitumia waya mmoja, swali la mara moja ni hili: nani aseme, na lini? Viwili vikisema pamoja, hakuna kitakachosikika. Dawa yake ni ile inayotumika katika baraza lolote la wazee, yaani kuwepo kwa mwenyekiti. Tarakilishi huwa mwenyekiti. Kituo hakisemi mpaka kiitwe, na kikiitwa hujibu kwa ufupi na kunyamaza.

Kanuni za baraza hilo huitwa itifaki. Iliyoenea zaidi ni Modbus, iliyotungwa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979. Kila kituo hupewa anwani kati ya 1 na 247. Tarakilishi hutuma ujumbe wenye anwani, aina ya kazi inayotakiwa, mahali data ilipo na idadi yake, kisha baiti mbili za ukaguzi. Vituo vyote huusikia, ila kile chenye anwani iliyotajwa pekee ndicho hujibu. Kimya cha muda unaolingana na herufi tatu na nusu huashiria mwisho wa ujumbe.

Baiti za ukaguzi si pambo. Kwa kawaida Modbus husafirisha nambari kamili, hivyo joto la nyuzi 27.5 hutumwa kama 275. Biti moja tu ikigeuka njiani kwa sababu ya cheche ya umeme, 275 yaweza kuwa 403, yaani nyuzi 40.3. Msimamizi ataamuru rundo zima lifunguliwe bure. La kuogofya zaidi ni kinyume chake, ambapo nyuzi 40.3 za kweli zinafika zikisomeka 27.5 na mahindi yakaendelea kuoza kimyakimya. Mtumaji hukokotoa nambari ya ukaguzi kutokana na ujumbe wake wote, na mpokeaji hurudia hesabu hiyo hiyo. Zisipolingana, ujumbe hutupwa na swali huulizwa upya.

Mfano wa ghala la vituo 12

Hebu tuchukulie ghala la chama cha ushirika lenye marundo sita ya magunia. Kila rundo linawekewa vituo viwili, jumla 12. Kila kituo ni maikrokontrola moja ndani ya kasha la plastiki, chipu ya RS-485, na fimbo ya chuma iliyochomekwa hadi katikati ya rundo ikiwa na vihisi.

Kwa joto, kihisi cha DS18B20 kinapendwa kwa sababu kila kimoja huzaliwa na utambulisho wake wa biti 64, hivyo kadhaa vinaweza kutumia waya mmoja wa data katika fimbo moja. Usahihi wake ni nusu nyuzi juu au chini katika viwango vya joto vya kawaida. Kwa unyevunyevu, kihisi cha I2C kinafaa kwa kuwa waya wake ni mfupi.

Tarakilishi ikiuliza kituo kimoja joto na unyevunyevu, swali lina baiti 8 na jibu baiti 9. Jumla ni baiti 17, sawa na biti 170. Kwa kasi ya 9,600, mazungumzo hayo huchukua takriban sehemu 18 kati ya 1,000 za sekunde. Hata ukijumlisha vipindi vya kimya, vituo vyote 12 vinaweza kuulizwa kabla ya sekunde moja kuisha. Hakuna haja ya kasi kubwa, kwani mahindi hayapati joto kwa sekunde. Kasi ndogo ina faida ya kustahimili kebo ndefu.

Kila kituo kikiulizwa mara moja kila dakika 10, tarakilishi hupata vipimo 1,728 kwa siku. Kila kipimo kikiandikwa kwa herufi 40 katika faili ya kawaida, vya mwaka mzima havifiki megabaiti 30. Tarakilishi kuukuu, au ndogo kama Raspberry Pi iliyotoka Uingereza mwaka 2012, inaimudu kazi hiyo bila taabu.

Makosa yanayojirudia

Mifumo ya aina hii inapokosa kufanya kazi, mara nyingi chanzo huwa kimojawapo cha haya yafuatayo.

Kwanza, nyaya A na B kubadilishana. Watengenezaji hawakubaliani kuhusu majina hayo, hivyo A ya kifaa kimoja yaweza kuwa B ya kingine. Kituo kisipojibu, zibadilishe kabla ya kukilaani.

Pili, kebo kugawanywa kama matawi ya mti. RS-485 hutaka mstari mmoja unaopita kituo hadi kituo. Kwenye ncha mbili za mstari huwekwa rezista za omu 120, na kwenye ncha hizo pekee. Bila rezista hizo, ishara hugonga mwisho wa waya na kurudi kama mwangwi, hasa kebo ikiwa ndefu. Zikiwekwa kwenye kila kituo, ishara hukosa nguvu.

Tatu, vituo viwili kupewa anwani moja. Vyote hujibu kwa pamoja na ujumbe huharibika. Bandika anwani juu ya kila kasha.

Nne, kituo kuzima kipaza sauti chake mapema. Chipu ya RS-485 huwa na pini ya kuamua iwapo inatuma au inapokea. Programu ikirudi kwenye kupokea kabla ya biti ya mwisho kutoka, mkia wa ujumbe hukatika. Isiporudi kabisa, kituo hicho hulishika baraza zima mateka.

Tano, kusahau waya wa tatu. Ingawa ujumbe hupita katika nyaya mbili, vifaa bado vinahitaji kipimo cha pamoja cha ardhi. Chipu za RS-485 huvumilia tofauti ya kuanzia volti 7 hasi hadi volti 12 chanya. Majengo mawili yenye umeme tofauti yaweza kuzidisha kiwango hicho.

Radi, fosfini, vumbi na panya

Mbali na makosa ya mafundi, kuna adui wa mazingira. Eneo la magharibi mwa Kenya hupata ngurumo nyingi, na kebo ndefu inayopita kutoka ghala hadi ofisi ni mwaliko kwa radi. Si lazima kebo ipigwe moja kwa moja, kwa kuwa radi ya jirani inatosha kuiunguza. Kinga yake ni vizuizi vya msukumo wa umeme kwenye ncha zote, ardhi iliyochimbiwa ipasavyo, na adapta yenye utengano, ambayo hupitisha ujumbe kwa mwanga au sumaku bila mkondo wa umeme kuvuka. Adapta ya aina hiyo ni ghali kidogo, ila hulinda tarakilishi yenye kumbukumbu zote.

Adui wa pili huwashangaza wengi. Maghala hufukizwa kwa gesi ya fosfini, inayotokana na vidonge vya alumini fosfidi, ili kuua wadudu. Gesi hiyo hula shaba. Nyaya zilizo uchi na mbao za kielektroniki zisizofunikwa huharibika taratibu baada ya ufukizaji. Makasha yafungwe vyema na mbao zipakwe utomvu maalumu wa kukinga, au vituo viondolewe kabla ya kazi hiyo. Ikumbukwe pia kwamba fosfini huua binadamu, kwa hivyo mtu yeyote asiingie kukagua waya mpaka mfukizaji aliyeidhinishwa atangaze kuwa hewa ni salama.

Vumbi la nafaka nalo laweza kulipuka likitanda hewani mahali palipofungika. Vigeuzi vya umeme wa stima vikae nje, na ndani zipelekwe volti ndogo pekee. Nyaya zipitishwe katika mabomba, kwani panya hawatofautishi kebo na gunzi. Umeme ukipotea, betri ndogo iendelee kuvilisha vituo. Aidha, kila maikrokontrola iwashiwe kipima muda cha ulinzi kilichomo ndani yake, ambacho huianzisha upya programu inapokwama.

Nambari zikishafika

Kupata nambari ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuzisoma kwa busara. Kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi, kwa sababu joto la ghala hufuata la nje. La muhimu ni mwenendo. Fimbo moja ikianza kupanda siku baada ya siku ilhali jirani zake zimetulia, hapo pana jambo. Unyevunyevu ukivuka asilimia 70 na kubaki huko, mahindi hayo yaondolewe, yapimwe unyevu kwa kipimo cha mkono na yakaushwe upya. Kituo kisichojibu pia ni habari, na programu inapaswa kukitangaza, si kuendelea kuonyesha kipimo chake cha jana.

Kukausha upya kumekuwa rahisi kidogo kuliko zamani. Mwaka 2023, msimu wa mavuno ulipogongana na mvua za El Nino, serikali ilinunua mashine za kukausha nafaka zinazoweza kuhamishwa na kuzisambaza katika maeneo yanayokuza mahindi. Lakini mashine haiwezi kumsaidia mkulima asiyejua kwamba mahindi yake yameanza kupata moto.

Kwa mwenye magunia kumi nyumbani, mtambo wa vituo 12 ni anasa asiyoihitaji. Yeye atumie chupa kavu ya kioo, atie mahindi na chumvi kavu, kisha aitikise kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi na yarejeshwe juani. Chama cha ushirika, shule ya bweni au mfanyabiashara mwenye mamia ya magunia ndiye ambaye hasara yake inashinda mbali gharama ya nyaya mbili.

Anayetaka kuanza na asianze na ghala zima. Aunganishe kituo kimoja na tarakilishi mezani, akiache kwa wiki moja na kulinganisha vipimo na kipimajoto cha kawaida. Kisha aongeze cha pili katika waya ule ule, akipe anwani yake, na ahakikishe vyote viwili vinajibu kwa zamu. Kituo cha tatu hadi cha kumi na mbili ni marudio ya hatua hiyo. Kazi hii ifanywe Juni au Julai, ghala likiwa tupu, si Novemba malori yakiwa yamepanga foleni langoni.